Harufu ya Oili Inayoungua: Kabla Hujalipa, Angalia Tapeti Kava

Gari linanuka likisimama kwenye taa. Barabarani upepo unaondoa kila kitu, lakini ukisimama dakika mbili tu, harufu ya oili inayoungua inaingia ndani kupitia matundu ya hita, na ukitazama mbele unaona uzi mwembamba wa moshi ukitoka pembeni mwa boneti. Wengi wetu tunaoishi nje tunaendesha magari ya zamani, yaliyokwisha kutembea maili laki moja na zaidi, kwa hiyo harufu hiyo si ngeni. Kinachofuata nacho si kigeni: unakwenda gereji, unaambiwa sentensi moja ya kitaalamu, unatajiwa bei, unarudi nyumbani ukipiga hesabu.

Mimi nilitajiwa pauni 290. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2006, injini ya lita 1.3, na ndilo linalonifikisha zamu ya usiku saa ambazo mabasi yameshalala. Karatasi ya gereji iliandika kwamba gasketi ya injini inavuja. Sisemi walitaka kunipunja. Saa moja ya fundi hapa Uingereza ina bei yake, na kazi waliyoiandika ilikuwa ya kweli. Lakini kabla sijawajibu nilimpigia mdogo wangu, ambaye ni fundi magari Ilala, Dar es Salaam, nikamwonyesha injini kwa video.

"Dada, hiyo si hedi gasketi," alisema kabla sijamaliza kueleza. "Hiyo ni tapeti kava. Pumua."

Niliubadilisha mpira huo mwenyewe, Jumamosi moja, mbele ya nyumba. Tangu hapo nimesaidia watu wawili wengine, na maswali wanayoniuliza ni yale yale, ndiyo maana naandika.

Gasketi ipi?

Neno gasketi peke yake halikuambii kitu. Injini ina gasketi nyingi, na bei ya moja haifanani hata kidogo na bei ya nyingine. Hedi gasketi imekaa kati ya bloku na silinda hedi. Kazi yake ni kuzuia mlipuko wa ndani ya silinda usitoke, na maji na oili visichanganyike. Ikifa, gari linachemsha, maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, na kuibadilisha ni kufumua injini kweli kweli. Tapeti kava ni kitu kingine. Ni kifuniko cha juu kabisa, kama mfuniko wa sufuria, na chini yake zinazunguka kamshafti zinazofungua na kufunga valvu. Oili inarushwarushwa mle ndani ili vyuma visisagane, kisha inateremka yenyewe kurudi chini kwenye sampu. Hakuna mlipuko unaogusa kifuniko hicho. Gasketi yake ni mpira mwembamba tu unaozuia oili isitokee pembeni.

Mwaka jana kijana mmoja wa Mombasa, anayesoma shahada ya uzamili huku, aliambiwa gereji kuwa gasketi imekwisha. Yeye akasikia hedi gasketi. Alipokuja kwetu kula chakula cha Jumapili alikuwa ameshapata mnunuzi wa chuma chakavu. "Dada, nimuachie tu kwa pauni mia mbili?" Nikamwambia arudi gereji aulize swali moja: gasketi ipi? Jibu lilikuwa tapeti kava. Gari analo mpaka leo.

Majina nayo yanachanganya, hasa unapoagiza mpira mtandaoni. Nyumbani mafundi wote wanasema tapeti kava. Maduka ya Uingereza mara nyingi huandika "rocker cover" au "cam cover", na ya Marekani "valve cover". Ni kitu kile kile. Agiza kwa namba ya usajili wa gari au namba ya chesisi, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na injini mbili tofauti katika mwaka mmoja.

Kwa nini inavuja, na kwa nini usiiache

Sababu ya kwanza ni umri. Mpira uliopikwa na joto la injini kwa miaka kumi na tano unakuwa mgumu na bapa, haurudi tena kujaza nafasi yake. Wa kwangu nilipoutoa nilijaribu kuukunja, ukakatika kama tambi kavu.

Sababu ya pili watu huisahau, na ndiyo inayofanya mpira mpya uvuje tena baada ya miezi michache. Injini inahitaji kupumua. Gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye tumbo la injini, na hutolewa kupitia vali ndogo ambayo mafundi huiita PCV. Vali hiyo ikiziba kwa tope la oili, presha inapanda ndani na inatafuta pa kutokea, nayo hutokea palipo dhaifu. Sisi wauguzi tunalijua jambo hili: ukiziba jeraha bila kushughulikia kilicho chini yake, bandeji italowa tena. Kwenye magari mengi vali hiyo ni ya bei ndogo. Ile ya zamani, ukiichomoa na kuitikisa, inapaswa kulia kama njuga. Ikinyamaza imekwama, ibadilishe pamoja na mpira.

Kuhusu kuiacha: najua hesabu ya mwisho wa mwezi, na kwamba kuongeza nusu lita ya oili ni rahisi kuliko kutengeneza. Lakini kwenye magari mengi, langu likiwamo, ekzosi imepita nyuma ya injini, upande wa kioo cha mbele. Oili inayochuruzika kutoka tapeti kava inaangukia hapo, kwenye chuma cha moto. Siku nyingi ni moshi tu, ila oili juu ya ekzosi yenye moto mkali inaweza kuwaka. Moshi wenyewe unanyonywa na hita na kuingia ndani, na binti yangu ana pumu. Majira ya baridi, madirisha yamefungwa, dakika ishirini za kwenda shuleni zilikuwa zinamtosha kuanza kukohoa. Kwangu hilo lilimaliza mjadala.

Kama unasikia pia muungurumo wa ekzosi iliyotoboka, hapo ni jambo jingine na ni la haraka zaidi. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, na hiyo haina harufu. Kichwa kikikuuma kila ukiendesha, usiendelee kuendesha.

Kuna pia uvujaji wa ndani, usioonekana chini ya gari. Plagi zimekaa kwenye visima vinavyopita katikati ya tapeti kava, na kila kisima kina mpira wake. Mpira huo ukichoka oili inajaa kisimani, koili inalowa, injini inaanza kutetemeka na taa ya injini inawaka. Watu wamenunua koili nne mpya kwa tatizo la mpira.

Kwa walio Uingereza, kuna ukaguzi wa MOT. Kanuni inasema gari linafeli iwapo uvujaji, ndani ya dakika tano, unatengeneza dimbwi lenye upana unaozidi milimita 75. Tapeti kava peke yake ni nadra kufika huko, lakini sitamani mtu asubiri mpaka ajue.

Kwanza safisha, halafu tazama

Oili inateremka, na gari likitembea upepo unaipuliza nyuma. Kwa hiyo ukilala chini ya gari ukaona sampu imelowa, bado hujajua kinachovuja. Anza juu kabisa, tafuta sehemu ya juu zaidi yenye unyevu. Kama sehemu yote imejaa masizi na oili ya zamani hutaona kitu. Injini ikiwa baridi, ipulizie dawa ya kuondoa grisi, ifute, endesha siku mbili tatu kama kawaida, kisha rudi na tochi ya simu. Mstari mpya wa oili utaonekana chini ya ukingo wa kifuniko, mara nyingi upande wa nyuma au kwenye pembe. Ukikuta ukingo wa tapeti kava ni mkavu na unyevu unaanzia chini yake, kwenye swichi ya presha ya oili, kwenye chujio, au pale injini inapokutana na giaboksi, basi hii si kazi ya makala haya.

Angalia pia mfuniko wa kujazia oili. Wakati mwingine kinachovuja ni kimpira cha mfuniko huo, na matengenezo yameisha kwa pauni chache.

Siku ya kazi

Nilinunua mpira wa tapeti kava pamoja na mipira ya visima vya plagi kwa pauni 17, tyubu ndogo ya silikoni ya injini, na kopo la dawa ya kusafishia breki. Soketi nyingi utakazohitaji kwenye gari la Kijapani ni namba 10. Kitu pekee kilichoniuma kukinunua ni spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, ndogo, kwa pauni 32. Usiikwepe. Marekani, baadhi ya maduka ya vipuri huazima zana kwa amana na kukurudishia fedha ukizirejesha. Hapa niliikosa huduma hiyo, lakini spana yangu sasa imezunguka nyumba tatu.

Injini iwe imepoa kabisa. Mimi niliiacha usiku kucha. Toa waya wa hasi wa betri. Piga picha kila kitu kabla ya kukigusa, na kila plagi ya umeme unayochomoa ibandike karatasi yenye namba. Vaa glavu. Oili iliyotumika, ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu, inahusishwa na saratani ya ngozi, na mafundi wa nyumbani wanaonawa mikono kwa oili chafu na petroli huniumiza roho kila nikiwaona.

Kabla ya kufungua, safisha vumbi na mchanga kuzunguka kifuniko, kwa sababu kitakachoanguka mle ndani kitabaki mle ndani. Chomoa koili. Kama kisima kina oili, inyonye kwa kitambaa kabla ya kugusa plagi, la sivyo itaingia kwenye silinda. Ondoa mipira ya kupumulia taratibu. Ile ya zamani huvunjika, na bora ujue kabla duka halijafungwa. Kisha legeza bolti za kifuniko kidogo kidogo, ukianzia za pembeni kwenda katikati, usiitoe moja mpaka mwisho huku nyingine bado zimekaza.

Kifuniko kikigoma kutoka, usichokonoe kwa bisbisi. Alumini ikipata mkwaruzo pale mpira unapolalia, umejitengenezea njia mpya ya kuvuja. Kigonge kwa upande wa kiganja, au kwa kipande cha ubao. Kitaachia. Mara kikitoka, funika injini kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Sasa ndiyo kazi yenyewe, na karibu yote ni usafi. Toa mpira wa zamani, safisha mfereji wake kwa dawa ya breki na mswaki mpaka uone chuma au plastiki tupu. Ondoa mabaki ya silikoni kwenye ukingo wa silinda hedi kwa kikwaruzio cha plastiki, ukifuta kuelekea nje. Ukingo ukauke kabisa. Mdogo wangu alikuwa kwenye simu muda wote, imeegemezwa kwenye betri, na kila nikisema nimemaliza alisema, "Dada, futa tena."

Mpira mpya unakaa mkavu kwenye mfereji wake. Hapa kuna tabia moja ambayo nimeiona kila mahali: mtu anapaka silikoni kuzunguka kifuniko chote, kwa kuwa nyingi inaonekana ni bora. Silikoni ya ziada inajikamua kwenda ndani, inakatika vipande, na vipande hivyo vinaweza kuziba njia za oili. Inawekwa tone tu, kwenye maeneo ambayo kitabu cha gari kinaonyesha. Kwa injini za cheni kama yangu ni pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, kila upande. Ukishaiweka usisubiri, rudisha kifuniko ndani ya dakika chache, ukikishusha wima bila kukiburuta.

Halafu kukaza. Anzia bolti za katikati, nenda nje kwa kupishana, mzunguko wa kwanza kwa vidole, wa pili kwa nguvu ndogo, wa tatu kwa kipimo. Kipimo chako kitafute kwenye kitabu cha matengenezo cha injini yako. Kwa injini nyingi ndogo ni karibu nyutoni-mita 8 hadi 12. Ukitaka kuielewa nyutoni-mita 10, fikiria pakiti ya sukari ya kilo moja imening'inizwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Basi, hiyo tu. Bolti hizi hazihitaji misuli. Ukizidisha, mpira unabanwa mpaka unatoka mferejini, kifuniko kinapinda au cha plastiki kinapasuka, na uzi wa bolti kwenye alumini unaweza kung'oka. Mdogo wangu alilisema kwa namna yake: "Usikaze kwa hasira, hujagombana nayo."

Rudisha koili, mipira ya kupumulia na betri, ukilinganisha na picha zako. Subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu ya silikoni kabla ya kuwasha. Pima oili kwa kijiti, ongeza iliyopungua, washa, na uzungushe tochi kwenye ukingo wote injini ikiwa inanguruma. Siku tatu nne za mwanzo bado utasikia harufu, maana oili iliyokwisha mwagika kwenye ekzosi lazima iungue iishe. Ikizidi wiki mbili, rudi na tochi.

Kwangu kazi nzima ilichukua saa nne, ikiwamo chai. Fundi aliyezoea angemaliza kwa saa moja na kidogo.

Nani asijaribu

Vani nyingi za familia kule Marekani zina injini ya V6 iliyolazwa kwa upana. Injini hiyo ina tapeti kava mbili, na ile ya nyuma imejificha kati ya injini na ukuta wa kabini, mara nyingi chini ya manifoldi ya hewa. Ya mbele unaweza. Ya nyuma, kama hujawahi kushika spana, mpe fundi. Magari mengine, hasa ya Ulaya, yana kifuniko cha plastiki chenye vali ya kupumulia iliyojengwa ndani, na kinabadilishwa kizima. Na kama gari lako liko kwenye mkopo au lina dhamana ya duka, soma masharti kwanza.

Ndugu zetu wa Sharjah, wenye gereji kila kona ya eneo la viwanda, huenda hawaoni sababu ya kuchafua mikono, na siwalaumu. Hata hivyo maswali ya kumuuliza fundi ni yale yale popote: gasketi ipi, naomba unionyeshe panapovuja, mipira ya visima vya plagi imo kwenye bei, na mtaiangalia PCV? Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Wangu wa hapa, nilipomwambia nitafanya mwenyewe, alinipa kipimo cha toki kwa mdomo na kunitakia kila la heri.

Vitambaa vyenye oili viweke kwenye mfuko uliofungwa, na oili yoyote uliyoikinga ipeleke kituo cha taka cha halmashauri. Huku vingi vina tangi lake maalumu. Kuimwaga kwenye mtaro wa maji ya mvua ni kosa la kisheria.

Linabaki doa chini, mahali gari lilipokuwa likilala. Kwa aliyepanga nyumba doa hilo lina gharama, kwani mwenye nyumba anaweza kulikata kwenye amana. Mwagia mchanga wa choo cha paka, usagesage kwa kiatu, uache mpaka kesho, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. La kwangu lilitoka kwa mara ya tatu.